Mahali pa Farasi

"Kwani umebeba mchanga?" Mama alifoka, Zamda aliposimamisha lori kwa kishindo. "Breki hizo zitamwangusha farasi wangu, na mimba yake ile!"

"Kesho mtahini ataangalia kona na kurudi nyuma tu, Mama. Lori litakuwa tupu."

"Na keshokutwa, ukishapata leseni, utampakia nani? Si yeye?"

"Sitamwangusha," Zamda alisema.

Mama akazunguka nyuma ya lori, akapanda, akasimama pale wanaposimama farasi, mikono ameifunga mgongoni.

"Mama, shika chuma!"

"Farasi ana mikono? Haya, teremka mlima."

Zamda akaachia breki ya mkono. Walipofika kona ya kwanza, kwenye kioo cha nyuma, kilemba cha Mama kilianza kuinamia upande, na Zamda akagusa breki taratibu, hadi kilemba kikasimama wima tena.