Mtungi wa Insulini

Gaudensi hakuwa na friji, hakuwa na ndugu upande huu wa ziwa, na tangu wavuke kutoka Burundi hakuwa na usingizi. Alikuwa na mke mwenye kisukari, na mtungi wa kupozea insulini yake, uliofukiwa kwenye mchanga mbichi nyuma ya chumba chao katika mtaa wa Bangwe, kando ya ziwa.

Asubuhi hiyo alimkuta mkewe amechuchumaa, anaimwaga.

"Ni sumu, Gaude," mkewe alisema kwa upole. "Sauti zimeniambia."

Gaudensi aliuchota mchanga uliolowa. Ulinuka dawa. Akaenda nao hospitali kiganjani, kama ushahidi, akauliza kwa nini sukari na akili vimemharibikia mkewe pamoja.

"Kwenye damu kuna chembe ndogo mno, mikroRNA, zinazoongoza kazi za jeni," daktari alieleza. "Watafiti wanashuku kwamba zikivurugika, huenda zikagusa sukari na akili pamoja."

"Basi zirekebisheni."

"Namna yake bado haijulikani, mzee. Nitakupa chupa nyingine ya insulini, na vidonge vya kutuliza sauti."

"Atavimwaga vyote."

Daktari akaendelea kuandika cheti cha dawa.

Jioni Gaudensi alimwandikia binti yao aliyebaki ng'ambo ya ziwa: "Mama yako hajambo. Njoo upesi." Akalamba bahasha, akaifunga kwa vidole vyenye mchanga, akamkabidhi nahodha wa boti.