Baharia na Visiwa Vitatu

Kisiwa cha tatu nacho kilikataliwa kabla chai haijapoa.

"Huko mawimbi hayana adabu," alisema mume wa mshonaji, akakisukuma kipeperushi cha safari hadi upande wa pili wa meza. "Mimi ndiye niliyekaa majini. Wewe nisikilize tu."

Mshonaji akakikunja kipeperushi. Kisiwa cha kwanza mumewe alikikataa kwa sababu ya mbu. Cha pili, ati boti za huko ni mbovu. Na yeye alikuwa ameihangaikia safari hii miezi mingi, akishona sare za shule mpaka mgongo ukagoma. Aliulizia huku na huko hadi akapata njia ya watu wenye mfuko mdogo: mnavuka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa boti za kawaida za abiria, mnalala kwenye mahema ya wahifadhi, na badala ya kulipia malazi mnawasaidia kazi. Kisiwa cha kwanza, kulinda viota vya kasa. Cha pili, kupanda mikoko. Cha tatu, kuhesabu ndege kwenye fungu la mchanga.

Tena mume huyohuyo ndiye aliyemwambukiza ugonjwa wa visiwa. Mtaa mzima, huko bara kusiko hata na ziwa, ulimwita Baharia. Alihamia pale akiwa kijana, peke yake, na hadithi zake za melini ndizo zilizomteka binti wa watu: pomboo wanaoshindana mbio na meli, maji yanayong'aa gizani kana kwamba chini kuna mji. Watoto wao walilala kwa hadithi hizo. Sasa watoto wana nyumba zao, magoti ya mshonaji yameanza kulalamika, na alitaka jambo moja tu kabla hayajagoma kabisa: aione bahari ya mumewe, akiwa na mumewe.

Jambo moja, na anayelizuia ndiye huyo huyo.

Alijaribu kila mlango. Alimsimulia habari za ndege, kwamba huhesabiwa maji yanapokupwa, fungu la mchanga likabaki wazi na watu wakatembea juu yake kwa miguu.

Baharia akacheka. "Yanakupwa yanaenda wapi?"

Kisha akakohoa, akasema alikuwa anamtania. Mkewe akamwomba basi amfundishe kuogelea kwenye bwawa la hoteli ya mjini. Bega la Baharia likaanza kuuma siku hiyohiyo. Mkewe akapendekeza wabadilishe mwezi; mwezi huo nao ukawa na upepo mbaya. Mshonaji alijiona kama anashona nguo huku mtu anaifumua kwa upande wa pili.

Shoga yake msusi, waliyegawana naye kibanda cha kazi, alizisikia lawama hizo kila siku akiwa ameinamia vichwa vya wateja. Siku moja akaacha kusuka.

"Shoga, mwanaume hakatai kisiwa. Anamkataa mtu aliyeko kisiwani."

Maneno yale yalimwingia kama sindano kidoleni. Alirudi nyumbani akiyageuzageuza, na kadiri alivyoyageuza ndivyo yalivyozidi kukaa sawa. Miaka yote ile ya melini, hakuna hata picha moja. Hakuna rafiki wa zamani aliyewahi kubisha hodi. Bila shaka kulikuwa na nyumba nyingine huko, pengine na watoto wenye pua kama yake.

Jioni hiyo hakupika. Alimwambia mumewe kwamba tiketi ameshakata, visiwa vyote vitatu, na kama kuna mwanamke anayefichwa huko, basi watajuana hukohuko.

"Hakuna mwanamke," alisema Baharia.

"Basi kuna nini?"

Baharia aliinuka, akaenda kufunga madirisha ambayo yalikuwa yameshafungwa.

Ndani ya basi, mtu ambaye hakuwahi kukosa hadithi alikaa kimya, mikono kaibana katikati ya magoti. Mshonaji alikichukua kimya kile kama ungamo. Karanga alizonunua njiani alizila peke yake.

Walishuka pwani asubuhi. Mhifadhi aliyekuja kuwapokea alikuwa mama wa makamo aliyevaa buti za mpira. Mshonaji alimkagua kuanzia kichwani hadi kwenye buti, akayafuata macho yake yalipomfikia Baharia. Yalimpita kama yanavyompita mgeni yeyote. Akamwangalia mkata tiketi. Akawaangalia wauza samaki, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna hata aliyegeuka. Badala ya kufarijika, alizidi kuchemka. Kwa hiyo yuko kisiwani, si hapa.

Aligeuka amtake mumewe aseme ukweli kabla hawajapanda boti. Hakumwona.

Alikuwa ameteremka peke yake hadi maji yanapoishia, viatu vyake mkononi. Wimbi dogo lilimfikia miguuni, akaruka nyuma. Liliporudi lilikotoka, akalifuata polepole, akainama, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja.

Mkewe alipofika nyuma yake, ulimi ukiwa umeshanolewa, Baharia aliinua uso uliolowa machozi.

"Mke wangu," alisema, "kumbe kweli yana chumvi."