Swali la Posa

"Andika namba yoyote, fundi, tumalize," ilisema sauti ya upande wa pili wa meza. "Aliyekutangulia hakuchukua muda wote huu."

Fundi bomba alijifuta jasho kwa mkono wa shati la kuazima. Mbele yake palikuwa na karatasi, penseli iliyotafunwa mwisho, na swali moja: grafu ya y = x² − 4x + 5 inakata mihimili wapi?

Mhimili wima haukumpa shida. Aliweka sifuri mahali pa x, akapata tano. Huo mlalo ndio uliomtoa kijasho. Kila alipokokotoa aliishia kwenye kipeuo cha pili cha hasi nne, kitu ambacho hakuwahi kukutana nacho katika masomo yake ya jioni.

Jikoni vikombe viligongana. Mwanamke aliyemleta alikuwa amemwambia wazi pale mlangoni: "Mimi nimeshakukubali. Lakini yule aliyemo ndani akikukataa, ndoa hakuna. Usije ukanilaumu."

Fundi akainuka, akaketi. Akafuta, akachora upya. Mstari ulishuka kutoka tano, ukafika moja, ukapinda na kuanza kupanda tena, kama mtu aliyeogopa kukanyaga maji ya baridi.

"Mheshimiwa, huyo aliyenitangulia alipata ngapi?"

"Yule wa gari jeupe? Aliandika mbili na tatu, akapiga mstari chini. Akasema hesabu kwake ni kama kunywa maji."

Fundi akaijaribu mbili, ikatoa moja. Akaijaribu tatu, ikatoa mbili. Sifuri haikuonekana. Angeandika namba mbili zozote tu, na chai ingeletwa, na mambo yangekwisha. Penseli ikagusa karatasi.

Akaiweka chini.

"Haikati," alisema. "Huenda mimi ndiye sijui. Lakini kila nikiitazama, haifiki chini. Siwezi kukuandikia namba nisiyoiona."

Karatasi ikavutwa, ikasomwa, ikakunjwa. Halafu kiti kikasukumwa nyuma, na viatu vya shule vikatimua mbio kuelekea jikoni.

"Mama! Huyu hadanganyi. Nimekuruhusu, olewa!"