Kitambaa cha Kijani Getini

Sheria inasema ndege akijenga kiota bustanini kwako, hakuna anayeruhusiwa kuongea hapo nyumbani mpaka makinda waruke. Mtendaji wa kijiji hufunga kitambaa cha kijani getini, nanyi mnanyamaza.

Kwetu Lushoto ndege chozi alikuja mishubiri ilipochanua. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshafunga begi langu, nikamuuliza mume wangu, "Baba Hoza, yule mtoto wa Korogwe ni wako?" Kabla hajanijibu, mtendaji alikuwa getini na kitambaa chake.

Mwezi mzima hatukutamka neno. Mume wangu alinichemshia chai ya tangawizi, tukawa tunakaa barazani kumtazama chozi akinyonya yale maua mekundu. Siku ya kumi na mbili alifungua begi langu, akayatundika magauni yangu moja moja. Sikumzuia. Alipokuwa anaongea hakuwahi kunipenda hivyo.

Makinda waliporuka, mtendaji alikuja kufungua kitambaa. "Hongereni, Mama Hoza. Sasa ongeeni."

Mume wangu akakohoa. "Mke wangu, lile swali lako..."

Nikampa jembe. "Kwanza tupande mishubiri mingine, ndege warudi."

Wamerudi kila mwaka, na huu ni wa sita. Bustani imejaa maua mekundu mpaka ukutani, na kila nikiamka nawashukuru wale ndege kwa ndoa yangu.

Juzi nimesikia yule mtoto wa Korogwe ameanza darasa la kwanza.