Kurasa Zilizogandishwa

Wiki aliyojua kusoma, Shemsa alichomeka rula katikati ya kurasa mbili zilizogandana za kitabu chake cha picha, akazibandua. Ndani, kwenye picha, sungura wa kitambaa alikuwa akimfukia kobe, rafiki yake. Miaka yote mama alimsomea kwamba kobe amesafiri, atarudi.

“Umezigandisha wewe?”

“Ulikuwa mdogo, mwanangu. Ungelia.”

Shemsa hakulia. Alipitisha kidole chini ya kila neno, akasoma kwa sauti: “Kobe hakurudi tena.” Kisha akamwekea mama yake kitabu mapajani, kikiwa wazi.

“Na baba? Amesafiri kweli?”

Mama alizikutanisha zile kurasa mbili, akazikandamiza kwa kiganja kwa nguvu zote, kana kwamba gundi ilikuwa bado mbichi.