Nywele za Baba Gabriella

Muuguzi aliita mara tatu kabla Kalala hajashtuka.

"Baba Gabriella! Si njo we?" akauliza, kuhakikisha kama ndiye.

"Njo mi, mama. Unisamehe."

Muuguzi huyo, Vénérande, alikuwa mtu wa Bukavu, na katika kliniki ile ndogo ya Lilongwe ndiye aliyewatafsiria wakimbizi wote. Kalala alimfahamu kwa kazi tu. Alikuwa fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mashuka ya kliniki aliyashona yeye. Leo hakuja na mashuka. Alivua kofia, akatoa mfukoni picha ndogo iliyokunjika katikati. Ilikuwa ya mwanamume mwenye nywele nyingi, nyeusi, zilizoshuka karibu na nyusi.

"Mwambie munganga nataka zikuwe hivi."

Daktari, Mmalawi aliyerudi karibuni kutoka masomoni, alikuwa akitafuta mtu wa kuwafundishia wauguzi wake kazi ya kupandikiza nywele. Ndiyo maana hakudai malipo. Aliitazama picha, akakitazama kipara cha Kalala kilichong'aa toka paji hadi utosini, kisha akasema jambo kwa Kiingereza.

"Anauliza picha iko ya miaka ngapi," Vénérande akatafsiri. "Anasema paji la uso limebadilika sana."

"Vita, mama. Vita inabadilisha mtu."

Vénérande akashindwa kujizuia.

"Lakini baba, kule kwetu bantu banakufa, na we unatafuta nywele?"

Kalala akamkabidhi karatasi ya daftari, aisome mwenyewe.

Gabriella alipotea Uvira mwaka 1996, vita ilipoingia mjini, akiwa na miaka minne. Mama yake aliuawa siku hiyo hiyo. Sasa, mwaka 2001, alikuwa ameonekana Kigoma, ng'ambo ya ziwa, miongoni mwa watoto wasio na wazazi, na watu wanaotafuta jamaa waliopoteana walikuwa wameifikisha barua yake Dzaleka. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umepanda na kushuka:

*Baba, sura yako nimesahau. Nakumbuka nywele yako tu. Ulikuwa unanibebaka mabegani, na mi nashika nywele nisianguke.*

"Anakuja," Kalala akasema. "Akinikuta hivi, hatanikubali."

Vénérande aliikunja barua taratibu, akafuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

Kazi ilichukua kutwa nzima. Walimchoma sindano za ganzi. Nyuma ya kichwa, mahali ambapo nywele zilikuwa bado zimeshika, daktari alikata ukanda mwembamba wa ngozi, akapashona. Ukanda ule wauguzi waliugawa vipande vidogo kuliko punje za ulezi, kila kimoja na nywele zake mbili tatu, wakavipanda kimoja kimoja mbele ya kichwa. Kalala hakujitikisa. Mara moja tu midomo ilimcheza, na Vénérande akadhani anaumia.

"Hapana," akasema. "Naomba tu."

Wiki ya tatu nywele zote zilizopandwa zikadondoka. Alikaa mlangoni pa nyumba yake Dzaleka, kofia mapajani, akalia bila kujificha.

"Munganga si alisema zitadondoka kwanza?" jirani yake Sophie akamwambia. "Mizizi iko ndani. Ungoje."

"Na mtoto akifika mbele ya nywele kuota?"

Pale kambini watu walikuwa wamemcheka sana Kalala. Mtu wa miaka arobaini na tano, mkimbizi, anapanda nywele kama anapanda mahindi! Sophie hakuwahi kucheka. Jioni hiyo alijifunga kitenge, akapita mstari mzima wa nyumba, akaongea na kila mama mlango kwa mlango. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina la Kalala tena. Hata watoto waliochota maji bombani walimwita Baba Gabriella. Na karatasi za kumpokea mtoto zilipoletwa, mchungaji alisaini kama shahidi bila kumtazama usoni.

Mwezi wa tano tangu kupandwa, nywele zikatoka, kwanza laini kama za mtoto mchanga, halafu ngumu. Hazikuwa nyingi kama za pichani, lakini mkono ungeweza kuzishika.

Gabriella alifika Jumamosi asubuhi. Alishuka garini mwembamba, amevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Watu wa mstari wote walikuwa wamesimama nje. Mtoto akawatazama wanaume mmoja mmoja. Kalala akapiga magoti vumbini, akainamisha kichwa, kwa sababu hakuweza kumtazama.

Viatu vile vikaja polepole, vikasimama mbele yake. Vidole vikaingia katika nywele.

"Ziko kidogo," mtoto akasema.

"Nimezeeka, mama."

Vidole vikakaza. Vikakaza hadi akasikia maumivu, naye hakusogea.

"Baba," Gabriella akasema.

Sophie akageuka ukutani, akajifunika uso kwa kitenge. Wanawake wengine wakaanza kuimba wimbo wa kanisani, lakini sauti ziliwakatika njiani, wakauacha.

Kesho yake, baada ya ibada, Kalala alimwacha mtoto kwa Sophie akila, akaenda peke yake makaburini nje ya kambi. Alipita misalaba mingi hadi akafika kwenye kaburi la mwaka ule ule, ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikana na ardhi. Akavua kofia, akaitoa ile picha ya mwenye nywele nyingi, akakaa chini.

"Wilondja, ndugu yangu," akasema, "mtoto wako amefika. Ameniita baba."