Mpulizaji Asiyeandikwa Jina

Kadiri, aliyewachezesha dansi watu wa Gisenyi kwa tarumbeta yake ya jazi, alikuwa ametimiza miaka minne katika studio moja ya Leopoldville, akipulizia nyimbo za wengine. Kwenye santuri liliandikwa jina la mwimbaji tu.

Alipokuja Gisenyi likizo, akaikuta santuri mojawapo ikilia dukani kwa fundi cherehani.

"Bon, nzuri sana! Tarumbeta hii ni ya Mumarekani," fundi akasema.

Kadiri akapapasa sugu ya tarumbeta mdomoni mwake.

Mama yake, aliyekuja naye kuchukua gauni, akadakia. "Mumarekani gani? Sikia anavyovuta pumzi! Huyu ni mutoto yangu."

Wateja wakamkazia macho Kadiri. "Ni we?"

Kadiri alikuwa ameshatoka mbio kwenda Nengo, nyumbani, kuichukua tarumbeta yake awapulizie.